Mawe ya Asili katika Bustani za Pwani: Jiwe Lipi, Limetoka Wapi, Litatunzwaje

Katika miezi ya karibuni ofisi yetu hapa Tanga imepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa wananchi waliotandaza mawe ya asili katika bustani na nyua za nyumba zilizo karibu na bahari, hasa upande wa Raskazone na katika viwanja vinavyojengwa kandokando ya barabara ya Pangani. Malalamiko hayo yanafanana sana: jiwe linatoa unga mweupe, linabanduka tabaka kwa tabaka, au linaota madoa ya kutu kabla ya kumaliza mwaka. Walalamikaji wengi wanaamini kwamba waliuziwa jiwe bovu, na baadhi wanataka muuzaji achukuliwe hatua. Tulipokwenda kukagua tulikuta kwamba jiwe bovu lipo kweli, lakini mara nyingi zaidi lilikuwa jiwe la kawaida lililolazwa juu ya mchanga wa ufukweni, likazibwa kwa saruji pande zote na kupakwa vanishi ili ling'ae. Jiwe la namna hiyo halina pa kupumulia, na kwa pwani yetu hilo linatosha kuliharibu.

Ni vizuri mwananchi aelewe kwamba adui wa jiwe la pwani ni chumvi, wala si maji. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi, na upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu hurusha manyunyu yake hadi ndani ya bustani, ambako huingia katika vitundu vidogo vya jiwe visivyoonekana kwa macho. Chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuyeyuka unyevu unapozidi takriban asilimia 75, na hewa inapokauka chini ya kiwango hicho huganda tena na kuwa fuwele. Usiku wa pwani una unyevu mwingi na mchana una jua kali, kwa hiyo mzunguko huo unaweza kujirudia kila siku, na kila fuwele inapoganda husukuma kuta za kitundu ilimokaa mpaka jiwe linameguka kutoka ndani. Ndiyo sababu mawe yaliyo chini ya upenu wa nyumba, ambayo mvua haiyafikii, mara nyingi huharibika kabla ya yale yaliyo katikati ya ua. Mvua ya masika huosha chumvi, ilhali upenu huihifadhi. Wananchi wengi hushangaa tukiwaeleza hivyo, kwa kuwa walidhani wameyakinga mawe yao kwa kuyaficha chini ya paa.

Kuhusu uchaguzi, mkoa wetu una mawe ya chokaa kwa wingi. Ni mwamba wa jamii ileile ambamo maji yalichimba Mapango ya Amboni, na ndio unaolisha tanuri za saruji huko Pongwe. Hata hivyo, kusema tu kwamba jiwe ni la chokaa hakutoshi, kwa sababu tabaka moja linaweza kuwa zito na gumu, na tabaka la chini yake likawa laini kiasi cha kukwaruzika kwa kucha. Viwango vya ASTM vya Marekani, vinavyotumiwa na wataalamu wengi duniani, hugawa mawe ya chokaa ya ujenzi katika madaraja: la juu kabisa halipaswi kunyonya maji zaidi ya asilimia 3 ya uzito wake, na la chini huruhusiwa hadi asilimia 12. Graniti, kwa kulinganisha, haipaswi kuzidi asilimia 0.4. Kwa bustani inayopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, ushauri wetu ni kutokwenda chini ya daraja la juu la chokaa, na kama uwezo unaruhusu ni bora kutumia graniti, au ile miamba migumu yenye mistari ya safu za Usambara ambayo wanajiolojia huiita naisi.

Kipimo cha unyonyaji hakihitaji maabara. Chukua kipande cha jiwe, kianike juani siku kadhaa mpaka kikauke kabisa, kisha kipime kwenye mizani ya dukani. Kizamishe katika ndoo ya maji baridi kwa saa 48, kitoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu na ukipime tena. Jiwe lililokuwa na kilo 10 likirudi na kilo 10 na gramu 300, limenyonya asilimia 3. Likirudi na kilo 11, mrudishie muuzaji, hata kama rangi yake inapendeza. Zaidi ya hapo, ligonge kwa nyundo ndogo: jiwe zima hulia kama chuma, na lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Litazame pia kwa makini juani. Ukiona chembe zinazometameta rangi ya shaba au dhahabu, kuna uwezekano kwamba ni madini yenye chuma, nayo ndiyo huleta madoa ya kutu ambayo hakuna sabuni itakayoyatoa.

Nieleze pia kuhusu marumaru, kwa sababu neno hili linawapotosha wengi. Madukani kila kigae cha kung'aa kinaitwa marumaru. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na kwa sababu hiyo tindikali huliunguza kama inavyoliunguza jiwe la chokaa la kawaida. Ukidondosha ndimu au siki na jiwe likatoa povu, ujue ni la jamii hiyo, na dawa za chooni zenye tindikali hazipaswi kulikaribia kamwe. Vilevile uso uliosuguliwa hadi kung'aa haufai nje: ukilowa huteleza, na watoto na wazee ndio wanaoanguka. Muombe muuzaji jiwe lenye uso uliochongwa kwa tindo au, kama ni graniti, uliochomwa kwa moto.

Sasa nije kwenye matumbawe. Wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe kwa ustadi mkubwa, na magofu ya misikiti na makaburi huko Kaole karibu na Bagamoyo na yale ya Tongoni hapa kwetu ni ushahidi wake. Walitumia matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu kwa kuta, na matumbawe laini yaliyokatwa baharini kwa nakshi za mihrabu na miimo ya milango, kisha wakayaunganisha na kuyapaka chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Hawakuyazungushia saruji. Anayetaka kuiga uzuri huo leo kwa kuvunja matumbawe hai baharini anaharibu mazalia ya samaki, na akifanya hivyo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari anavunja sheria bila utetezi wowote. Wapo pia wanaotuambia kwamba mawe waliyochukua kwenye magofu yalikuwa "yameanguka tu". Hoja hiyo haina uzito. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na mabaki yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na jiwe la kaburi lililoanguka bado ni jiwe la kaburi.

Chanzo cha jiwe lolote lile, hata la chokaa la kawaida, ni jambo la kisheria. Mawe ya ujenzi ni madini kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na kuyachimba kwa biashara kunahitaji leseni. Mchimbaji mdogo hupewa leseni ya miaka 7, inayoweza kuhuishwa, na ni kwa ajili ya Watanzania. Madini ya ujenzi hulipiwa mrabaha, yaani malipo kwa Serikali kwa madini yaliyochimbwa, wa asilimia 3, na juu yake kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa hiyo mnunuzi anapaswa kuomba nakala ya leseni ya machimbo yalikotoka mawe, na kama muuzaji si mchimbaji, aeleze amenunua kwa mwenye leseni gani na aonyeshe stakabadhi. Vilevile mnunuzi adai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye kiasi halisi alicholipa, na atunze karatasi hizo pamoja na nyaraka za ujenzi wa nyumba. Kuchimba bila leseni ni kosa linaloweza kuleta faini, kifungo au vyote viwili, na madini yaliyopatikana kwa njia hiyo yanaweza kutaifishwa. Lori linaloshusha mawe saa nne za usiku bila karatasi kwa nusu ya bei si bahati njema. Tunalirudia hili kila mara, na kila mara tunajibiwa kwamba "mawe ni ya Mungu".

Suala jingine linaloleta ubishi ni mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari shughuli za binadamu zilizo za kudumu, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Wananchi hutuambia kwamba kutandaza mawe si kujenga. Tunaomba ieleweke kwamba sakafu ya mawe iliyofungwa kwa zege na kuwekewa ukuta wa kuzuia mchanga ni ya kudumu kama chumba kilivyo cha kudumu, na kuwa na hati ya kiwanja hakufuti katazo hilo. Kabla ya kuagiza mawe, muombe mpimaji wa ardhi akuonyeshe mpaka huo, kwa sababu ufuko unaouona siku ya maji mafu, maji yanapopanda kidogo, si ufuko wa siku ya bamvu, yanapopanda sana. Baada ya hapo peleka mchoro halmashauri kwa ajili ya kibali, na pale penye shaka usikilize maelekezo ya taasisi ya taifa inayosimamia mazingira kabla fundi hajaanza kuchimba. Kibomoaji kikishafika, maelezo huwa yamechelewa.

Katika ulazaji, mafundi wetu wana uzoefu na sina haja ya kuwafundisha kushika mwiko. Nasisitiza mambo machache tu yanayokosewa. Chini ya mawe kuwe na tabaka la kokoto lililoshindiliwa, lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, na juu yake mchanga wa mto wa sentimita 3 hadi 5. Mchanga wa ufukweni usitumike mahali popote, iwe chini ya jiwe au katika viungio, kwa sababu unaleta chumvi ileile tunayoikimbia, na kuuchota ni kuumega ufuko wenyewe. Sakafu iteremke takriban sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba. Viungio vijazwe mchanga au kokoto laini, au mchanganyiko wa chokaa na mchanga, ili viwe dhaifu kuliko jiwe na vipitishe unyevu. Kiungio kinaweza kujazwa upya kwa gharama ndogo, jiwe haliwezi. Kwa njia ya miguu jiwe lenye unene wa sentimita 3 hadi 4 linatosha, lakini mahali gari linapopita usikubali chini ya sentimita 6. Miti nayo izingatiwe, maana mizizi ya mkungu na ya mwembe huinua mawe taratibu hadi sakafu inakuwa ngazi.

Utunzaji wake ni mwepesi, ingawa unataka subira. Suuza mawe kwa maji baridi ya bomba angalau mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, na mara nyingi zaidi kusi inapovuma, ukianza na yale yaliyo chini ya upenu. Usitumie maji ya kisima kabla hujayaonja: visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na tumewahi kukuta bustani iliyomwagiliwa kwa maji hayo kwa miaka mitatu, mwenye nyumba akiilaumu bahari wakati chumvi ilikuwa inapanda kutoka chini kila jioni kwa mkono wake mwenyewe. Ukungu wa kijani unaoota masika uondolewe kwa brashi ngumu ya nailoni na sabuni isiyo kali. Brashi ya waya huacha vipande vya chuma vinavyogeuka kutu, na mashine za maji ya msukumo mkubwa huchimbua viungio na kufungua uso wa jiwe laini. Unga mweupe ukitokea, ufagie kwanza ukiwa mkavu, uukusanye na kuutupa nje ya bustani, ndipo usuuze. Ukimwagia maji moja kwa moja unairudisha chumvi ndani.

Kuhusu dawa za kuziba mawe, ziko za aina mbili. Aina ya kwanza hupenya ndani na kulifanya jiwe lisilowe kwa urahisi huku likiendelea kupumua, na aina ya pili hutanda juu kama vanishi. Hii ya pili tunaikataza kabisa kwa bustani za pwani, kwa kuwa chumvi iliyofungiwa chini yake huganda hapo hapo na kubandua uso mzima. Hata ile ya kwanza ipakwe juu ya jiwe kavu lililokwisha kusuuzwa chumvi, na ijaribiwe kwanza kwenye kipande kimoja kisichoonekana.

Mwananchi anayetaka ushauri anaweza kuleta ofisini kipande cha jiwe lake, saa za kazi, bila malipo. Tafadhali kiwe kimekauka, kisiwe kimeoshwa kwa dawa yoyote, na kiambatane na risiti, kwa sababu swali la kwanza tutakalouliza ni kilikotoka.