Je, wajua kwa nini kisu cha kukunja kinacholia "tak" huenda hakina komeo?

Mnunuzi wa kisu cha kukunja katika maduka ya Darajani, mjini Unguja, kwa kawaida hukifungua, husikiliza mlio wa "tak", kisha huridhika kwamba bapa limekomewa na haliwezi kumrudia vidoleni. Imani hiyo imeenea sana, nayo si sahihi. Mlio huo huthibitisha jambo moja tu: kwamba chuma kilichovutwa na kamani (springi) kimegonga chuma chengine. Iwapo kitabakia hapo bapa litakaposukumwa kurudi ni suala jengine kabisa.

Mfano mzuri ni kisu cha Uswisi, ambacho Karl Elsener alianza kulitengenezea jeshi la nchi hiyo mwaka 1891. Ndani ya mpini wake, upande wa mgongoni, mna kamani ndefu inayoukandamiza msuka, yaani sehemu ya nyuma ya bapa inayozunguka kwenye pini. Msuka huo una nyuso zilizonyooka, na kisu kinapofunguka kikamilifu kamani huangukia juu ya uso mmojawapo kwa kishindo cha kupendeza. Hata hivyo, bapa likisukumwa kwa nguvu ya kutosha, pembe ya msuka huinyanyua kamani na kisu hujikunja. Hicho ni kizuizi, wala si komeo, ingawa matoleo makubwa ya Victorinox, kampuni ya Elsener, yenye mpini wa milimita 111 yana komeo la kweli.

Imani hiyo imedumu kwa sababu kisu cha namna hii huwa hakimdhuru mtu katika kazi nyingi. Anayemenya chungwa au kukata kamba hukandamiza kwa upande wa makali, na ukinzani wa kile kinachokatwa hulisukuma bapa lizidi kufunguka, mahali ambapo halina tena pa kwenda. Hatari huanza pale ncha inapotumiwa kutoboa galoni la plastiki, au bapa linaponasa na mtu akalichomoa kwa kulipinda.

Kinyume chake ni kisu cha Opinel kutoka Savoie, Ufaransa, ambacho hakina kamani wala mlio wowote, lakini kinakomewa barabara. Tangu mwaka 1955 kimekuwa na pete ya chuma yenye mwanya. Mtumiaji akiizungusha, mwanya huondoka kwenye njia ya bapa na chuma kizima huziba mahali pake. Kisu kilicho kimya kabisa, basi, ndicho chenye komeo. Katika kisu cha Buck 110 cha mwaka 1964 mlio na komeo huenda pamoja, kwa kuwa jino la wenzo wa mgongoni hutumbukia katika pengo la msuka.

Komeo la ajabu zaidi ni lile lililoboreshwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sahani nyembamba ya chuma ndani ya mpini, iliyopindishwa iwe kamani, hujisogeza kwa upande hadi nyuma ya msuka. Inavyoonekana, ingepaswa kuteleza na kutoka, kwa kuwa uso inaoukabili umekatwa kwa mshazari. Jibu limo katika kabari inayowekwa chini ya mlango: ikiwa mshazari wake ni mdogo, mlango unaposukumwa huikandamiza sakafuni badala ya kuifyatua, na ikilika husogezwa ndani kidogo tu ikashika tena. Sahani nayo hujisogeza hivyo hivyo kadiri chuma kinavyolika. Mshazari ukizidi, huteleza. Ukipungua mno, hunasa.

Kusema komeo lipi ni imara kuliko yote ni vigumu, kwa sababu usahihi wa ukataji wa chuma huwa na uzito kuliko jina la mtindo. Kipimo cha kuugongesha mgongo wa bapa mezani hupima kishindo cha ghafla, ambacho ni nadra katika kazi za kawaida. Katika pwani yetu, mchanga ukijaa kwenye pengo la msuka, jino halizami lote; na mpini wa mbao wa Opinel hufura kwa unyevu hadi bapa likawa gumu kufunguka. Anayetaka kujua kisu chake ni cha aina gani na akifungue, aizungushe pete ifunge kama kinayo, kisha akikunje, vidole vikiwa mbali na njia ya makali: kikikubali kwa kusukumwa tu, bila ya kubonyeza, kusogeza wala kuzungusha kitu chochote, hakina komeo.