Wa tumbo moja, mbona mmoja tu ndiye aliyenaswa na unga?

“Daktari, hawa si wa tumbo moja? Mbona mwenziwe alionja akaacha?” Wazazi wa Kisauni na Mji wa Kale, hapa Mombasa, hawachoki kuniuliza hivyo nikiwa zamu ya methadoni, dawa wanayopewa walionaswa na unga, yaani heroini. Wengi wao huwa wameshajijibu kwamba huyu aliyenaswa hana adabu. Jibu langu mimi huanzia ndani ya seli.

Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa urithi huchangia takriban asilimia 40 hadi 60 ya tofauti za watu katika uraibu. Hakuna jeni moja ya uteja. Ziko nyingi, kila moja na mchango wake mdogo, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja hawapati mgao sawa. Tena kuwa na jeni si hoja; je, imewashwa?

Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongoni inayohusika na raha na hamu, hazifiki milioni moja, kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 ubongoni. Jeni zake ni zile zile zilizomo kwenye ini. Zinatofautiana kwa kuwa protini kama Nurr1 na Pitx3 huishika DNA na kuwasha jeni mahsusi, ikiwemo ya kimeng’enya ambacho bila yake dopamini haitengenezeki. Unga hauzigusi seli hizi moja kwa moja: ukigeuka mofini mwilini, hunyamazisha seli jirani zinazozizuia, na dopamini inamwagika. Panya wakipewa mofini kwa muda, kimeng’enya hicho huongezeka, na seli zenyewe zinasinyaa.

Sasa huko kuwasha kwenyewe. DNA, karibu mita 2 katika kila seli, imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni kama uzi kwenye rili ya fundi cherehani. Ikikazwa, jeni haisomeki. Histoni zikibandikwa asetili, kijikemikali kidogo, DNA inalegea na jeni inaanza kazi.

Mwaka 2011 kundi la Amir Levine, Denise Kandel na Eric Kandel huko New York lilichapisha jaribio ambalo silisahau. Panya walinyweshwa maji yenye nikotini kwa siku 7, kisha wakapewa kokeini. Nikotini ilizuia vimeng’enya vinavyobandua asetili, na kokeini ilipoingia, jeni ya FosB, inayohusishwa na uraibu, katika seli zinazopokea dopamini, ikawaka kuliko kawaida. Walipogeuza mpangilio, kokeini kwanza nikotini baadaye, hawakupata matokeo hayo. Ni panya, na ni kokeini, si unga. Nisije nikanukuliwa kwamba sigara ya rejareja huzaa mateja. Hata hivyo mteja mpya akija, namuuliza alianza sigara na umri gani kabla sijamuuliza habari ya kete za unga.

Jeni hiyo hiyo hutoa delta-FosB, protini sugu isiyovunjika upesi. Matumizi yakirudiwa inajilimbikiza, na kwa panya imeonekana hata wiki kadhaa baada ya dawa za kulevya kukoma. Arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa, hupamba moto siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi ndani ya wiki makali yake yamepita. Mwana anakula, analala, mama anashukuru Mungu. Ndani ya seli mambo bado.

Methadoni, iliyoanza kutolewa kwa waraibu nchini Kenya mwaka 2014, hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo ubongo haupandi na kushuka kama kwa unga. Ndugu akiniambia, “Miezi mitatu sasa hagusi unga, si aache na hii dawa?” namwambia miezi mitatu ni mapema mno, na dozi tutaipunguza polepole mgonjwa mwenyewe akiwa tayari.