Goti linauma na presha haishuki: maswali mnayoniuliza kuhusu magoti kusagika

Mimi ni nesi hapa Mwanza, na kwenye kliniki ya presha na sukari ni hivi, mtu anapimwa, anaandikiwa dawa, anaaga, halafu akifika mlangoni anageuka, "sista, na haya magoti je?" Wengi wanadhani goti ni habari nyingine kabisa, wanaenda kulitibu peke yao duka la dawa. Najibu hapa kama ninavyojibu pale mlangoni.

Swali: Ni kweli ute wa magoti unaisha?

Watu wanasema ute umeisha, wengine grisi imekauka. Kinacholika hasa ni gegedu, ile nyeupe inayoteleza unayoitafuna mwisho wa mfupa wa kuku. Inalika taratibu kwa miaka, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu, pembeni vinaota vinundu, na goti kwa ndani linavimba vimba. Asubuhi linakaza, ukitembea kidogo linaachia, kawaida haizidi nusu saa. Wanawake wanaumwa zaidi, hasa wakishavuka miaka 50, pia waliowahi kuumia goti na wanaobeba mizigo au kuchuchumaa siku nzima.

Swali: Kila nikienda naambiwa nipunguze uzito, kwani unene na goti vinahusiana vipi?

Ukitembea tu kawaida goti linabeba kama mara 3 ya uzito wako, sasa wewe unayeishi juu ya mawe kule Mabatini au Isamilo na kila siku unapanda na ndoo, piga hesabu. Habari njema ni kwamba ukipunguza kilo 1, goti linapunguziwa kama kilo 4 kwa kila hatua, kwahiyo usingoje mpaka uwe mwembamba, hata kilo 5 utaona tofauti. Na sio mzigo tu, mafuta ya mwilini yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe kwenye viungo, ndio maana watu wanene wanaumwa hadi vidole vya mikono, na vidole havibebi mwili.

Swali: Nameza dawa za presha kila siku ila haishuki, magoti yanahusika?

Hapa naomba msome taratibu. Kuna mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni, presha yake ilikuwa juu miezi mingi, dawa ikaongezwa, ikaongezwa tena, wapi. Siku moja nikamwambia mayo (yaani mama), hebu mwaga huo mfuko wako hapa mezani. Kwenye kile kimfuko cha plastiki, katikati ya sarafu za mia tano na funguo, kulikuwa na vidonge vya diklofenaki vimefungwa kwenye kikaratasi, anameza asubuhi na jioni mwaka wa pili, maana bila hivyo hawezi kuinuka kwenye kigoda. Hakuna aliyemuuliza na yeye hakusema, kwa sababu kwake ile ni dawa ya goti, haihusu presha.

Inahusu sana. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake zinafanya figo zishikilie chumvi na maji, presha inapanda, miguu inavimba, na dawa nyingi za presha zinapungua nguvu. Ukichanganya na baadhi ya dawa za presha na dawa ya kukojoza kwa pamoja, figo zinaweza kuumia kabisa, na mwenye ugonjwa wa moyo anajiongezea hatari. Mwenye vidonda vya tumbo zinaweza kumtoboa au kumtoa damu tumboni, ukiona choo cheusi kama lami usisubiri kesho, nenda hospitali. Yule mama tulimwachisha zile, tukampa jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, maana ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu, na mazoezi. Baada ya wiki kadhaa presha ikaanza kusikia dawa.

Panadol ni salama zaidi kwa presha ukiitumia siku chache, lakini isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye ini bovu au anayekunywa pombe sana aulize kwanza.

Swali: Nina sukari, nimeambiwa nitachomwa sindano ya goti. Nichome?

Unaweza, ila anayekuchoma ajue una sukari, kwa sababu ile dawa mara nyingi ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na inapandisha sukari kwa siku kadhaa, kwahiyo pima mara kwa mara wiki hiyo. Hizi dawa za unga za miguu na mgongo zinazouzwa stendi, ambazo mtu akinywa kesho yake anaruka kama kijana, naziogopa mno, nyingine zimechanganywa steroidi humohumo, sukari inapaa na wewe hujui imetoka wapi.

Swali: Kila goti linalouma ni kusagika?

Hapana. Goti likivimba ghafla usiku mmoja, likawa jekundu na la moto, hiyo inaweza kuwa gauti, au maambukizi, na kama una homa juu yake nenda siku hiyohiyo. Halafu huku kwetu Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi, kijana mwenye selimundu akilalamika goti apimwe na nyonga pia, maana kichwa cha mfupa wa nyonga kinaweza kufa kwa kukosa damu na maumivu yakashukia gotini, mnapiga eksirei ya goti mnaona safi mnasema anadeka.

Swali: Mama ana presha na sukari, tangu magoti yaanze hatoki nje, tunamletea kila kitu kitandani. Tunafanya vizuri?

Najua mnampenda, lakini mnamuumiza. Asipotembea misuli ya paja inalegea na ndiyo inayoshikilia goti, uzito unapanda, sukari na presha vinafuata, usingizi unapotea, moyo unakuwa mzito, na mtu mwenye mawazo asiyelala maumivu anayasikia mara mbili. Kutembea hakumalizi gegedu, acheni kumwambia apumzike. Mkalisheni kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mbele, aushikilie huku mnahesabu mpaka 5, ashushe, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kisha ainuke na kukaa mara 5, mwanzoni akijishika mezani. Kesho atembee mpaka kwa jirani, wiki ijayo mpaka dukani akanunue chumvi yake mwenyewe, fimbo ashike mkono wa upande wa goti lisilouma. Likiuma kidogo wakati wa zoezi sio mbaya, ila kama maumivu hayajatulia mpaka kesho yake asubuhi, punguzeni idadi, msiache.

Na siku ya kliniki mje na dawa zake zote kwenye mfuko, hadi zile za kuchua na za kuchemsha.