Acheni kusugua soli, tazameni chuma cha juu

Kama randa yako ya zamani inachuna mbao, usikimbilie kusugua soli, yaani uso wake wa chini. Nimechoka kuletewa randa za Stanley na Record namba 4 zilizosuguliwa kwa msasa juu ya kioo mpaka zimekuwa nyembamba mdomoni, pale kwenye tundu kisu kinapotokea, na bado zinang'oa nyuzi vilevile. Mwenyewe anakwambia, "Fundi, hii imekufa." Haijakufa.

Soli ikigusa mbao mbele, kwenye ukingo wa mdomo na nyuma, inatosha. Bonde dogo kati ya hapo halina neno. Kisu kinolewe, mgongo wake pia. Kisiponyoa nywele za mkono, rudi kwenye jiwe kwanza.

Sasa chuma cha juu, kile kinachofungwa kwenye kisu kwa skrubu. Wengi wanakifunga milimita mbili au tatu nyuma ya makali, wakiamini kazi yake ni kukandamiza kisu tu. Hapana! Kisu kinapoinua maranda, mbao hutaka kupasuka mbele ya makali, na ufa hufuata nyuzi kwenda chini. Hapo ndipo kuchunika kunapozaliwa. Chuma cha juu kikiwa karibu, huyakunja maranda kabla ufa haujapata nguvu. Watafiti wa Japani, Kawai na Kato, walipiga filamu kisu kikikata, na tofauti inaonekana wazi kabisa kwa macho.

Karibu kiasi gani? Kwa kumalizia mvule au mkangazi, ambao nyuzi zake hupishana, weka unene wa karatasi ya daftari kutoka kwenye makali, au mbili. Kwa kazi ya kupunguza mbao, rudisha nyuma kama milimita moja. Halafu yasome maranda. Yakijiviringisha ovyo, chuma kiko mbali. Yakisimama wima yakitoka mdomoni, umepatia. Yakijikunja mikunjomikunjo na randa ikiwa nzito kusukuma, umezidisha.

Kabla ya kukifunga, shika vyuma viwili pamoja, uvielekeze kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya kati yao, hata uzi mmoja, maranda yatajichomeka humo na kuziba mdomo. Nyoosha ukingo wa chuma cha juu kwenye jiwe, ncha ya mbele ndiyo iguse.

Wanaofundisha husema mdomo ubanwe. Mimi huuacha wazi, maana mdomo finyu pamoja na chuma kilicho karibu huziba haraka. Lakini kuna mbao laini ambazo kuubana kumenisaidia, na sijaridhika na maelezo yoyote niliyosikia kuhusu sababu.

Mvule una jambo jingine: mara nyingine hubeba mawe ya chokaa ndani. Ukiona mstari ulioinuka kwenye mbao uliyokwisha kupiga randa, makali yamepata pengo. Usiguse skrubu yoyote, noa.

Nati ya kushusha kisu ikizunguka kidogo bila kufanya kitu, usiogope, za zamani zote ziko hivyo. Isipozunguka kwa vidole, skrubu ya kikandamizo, kile kifuniko kinachobana vyuma vyote viwili, imekazwa mno, ilegeze kidogo. Na kila ukirudisha kisu juu, malizia kwa kukishusha tena mpaka nati ishike, la sivyo kitarudi nyuma kikikutana na fundo.