Kiharusi si upepo wa ziwani

Pale mwaloni Kirumba, Mwanza, mtu akipooza upande mmoja ghafla utasikia: "Kapigwa upepo," au "katupiwa jini." Hapana. Ni kiharusi: mshipa wa damu kichwani umeziba, au umepasuka. Mwambieni atabasamu, anyanyue mikono yote miwili, aseme jina lake. Mdomo ukienda upande, mkono ukishuka, ulimi ukiwa mzito, tafuteni gari, hata bajaji, mwende hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa mganga muda huo huisha mkisubiri zamu. Aspirini msimpe: kama mshipa umepasuka mtazidisha kuvuja, na bila kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, hakuna ajuaye. Chanzo kikubwa ni presha. Haiumi, ndiyo maana wengi huigundua wakiwa wameshalazwa.