Gati Mbele ya Nyumba Si Lazima Liwe la Nyumba

Wengi wanaonunua nyumba kando ya maji Mombasa, iwe Tudor au Nyali, huamini kwamba mahali pa kufunga mashua hufuata nyumba, na kwamba thamani aliyoiandika mthamini imejumuisha vyote viwili. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa jicho huona ua, ngazi na gati kama kitu kimoja.

Kisheria mambo ni tofauti. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa hiyo haki ya kuegesha chombo hapo hutegemea kibali au mkataba wa peke yake, ambao huenda uko kwa jina la mtu mwingine, una muda wa kumalizika, au hauhamishiki bila idhini. Watu wa Mombasa, waliozoea kuona nyumba ya mmoja ikisimama juu ya ardhi ya mwingine, hawataliona hili kuwa geni.

Mthamini makini huuliza kwanza ni haki zipi anazozithamini, kisha huitenga bei ya gati anapolinganisha na nyumba nyingine zilizouzwa. Mnunuzi naye anaweza kuomba upekuzi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi na kudai kuiona hati ya gati yenyewe. Tena afike wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji yakiwa yamekupwa, aone kama mashua inaelea au imelala topeni.