Je, kufyatua haraka huharibu bastola?

Wengi huamini kwamba risasi zikipigwa mfululizo, bastola huchakaa upesi na kuanza kukwama. Joto lipo kweli, mtutu huunguza kidole. Ila risasi ya mm 9 hubeba baruti kama gramu 0.3 tu, ilhali ya bunduki ya mm 5.56 hubeba takriban gramu 1.6. Ndiyo maana mtutu wa bastola hustahimili.

Tena slaidi, kipande cha juu cha bastola kinachosogea kila risasi inapopigwa, hurudi nyuma kwa kasi ileile, uvute kifyatulio polepole au haraka. Kinachochosha springi yake ni idadi ya risasi. Kwenye bastola nyingi za mm 9 springi hiyo hubadilishwa baada ya risasi 3,000 hadi 5,000. Bastola ikikwama, kagua kwanza springi ya magazini (kisanduku cha risasi), masizi, oili iliyokauka, na mkono uliolegea: mkono ukilegea, slaidi hairudi hadi mwisho na ganda la risasi hubanwa kwenye tundu la kutokea.

Pima mwenyewe. Toa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu kwa macho na kwa kidole. Elekeza mtutu juu, mahali salama, vuta slaidi nyuma kisha iachilie taratibu. Isipofunga kabisa, ikiwa safi na ina oili, huenda springi ya slaidi imechoka.